Mtandao wa vikundi vyetu Mgeta umebaki jina tu baada ya mradi kuisha: tuushikilie kwa kazi gani?

Katibu wa Milimani

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliowahi kusimamia mtandao wa wakulima au kufanya nao biashara. Mimi ni katibu wa mtandao wa vikundi 14 huku Mgeta, wilaya ya Mvomero, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru. Tunalima kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo na matunda ya baridi kama fyulisi na plamu, na kaya nyingi hufuga mbuzi wa maziwa wa asili ya Norway, ambao walifika huku kupitia Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine katika miaka ya 1980. Mazao yetu hushuka kupitia soko la Nyandira hadi Morogoro mjini, na mengi huendelea hadi Dar es Salaam.

Mtandao huu ulizaliwa na mradi wa miaka mitatu, ambao sitautaja jina. Katika miaka hiyo tulikutana kila robo mwaka, wajumbe wakalipwa nauli na chakula cha mchana, tukaandika katiba, tukaunda kamati tano, na tukachora ramani kubwa ya mfumo wa chakula wa mkoa, yenye mishale inayotoka kwa mkulima, ikapita kwa msafirishaji na muuzaji, ikaishia kwa mlaji. Mradi ulipofunga ofisi, niliitisha kikao cha kwanza cha kujigharamia na wakaja watu tisa. Kikao cha pili sikukiitisha kabisa, maana niliona haya. Ile ramani bado imebandikwa ukutani kwangu, na kila mke wangu akifagia hunambia niitoe au nimweleze ina kazi gani.

Ninachotaka kukielewa ni hiki: ni kitu gani hasa kinachoufanya mtandao wa namna hii usimame wakati hakuna mfadhili wa kulipa nauli? Baadhi ya wenzangu wanasema dawa ni kujisajili kuwa chama cha ushirika cha mazao, yaani AMCOS, ili tupate nguvu ya kisheria na mikopo. Wengine wanasema tatizo letu ni madalali, na kwamba mtandao wowote utakaowakaribisha mezani umeshajiuza. Mimi nimebaki katikati, kwa sababu naona wote wana sababu, lakini hakuna hata mmoja anayeniambia Jumatatu asubuhi nifanye nini.

Mzee wa Kongwa

Mwanangu Katibu, usione haya kwa wale watu tisa. Hao ndio wanachama wako. Wale wengine walikuwa wanachama wa nauli.

Nakuandikia nikiwa Kongwa, ambako nimelima mahindi na alizeti tangu ujana wangu, na nimeliona soko la Kibaigwa likijengwa na kukua hadi likawa moja ya masoko makubwa ya nafaka katika nchi hii. Wengi hulipita kwenye barabara kuu ya Dodoma na Morogoro bila kujua kwamba chimbuko lake ni mtandao wa vikundi kama wako. MVIWATA, yaani Mtandao wa Vikundi vya Wakulima Tanzania, ulianza mwaka 1993 huko huko Morogoro, wakulima wachache wakisaidiwa na watu wa Sokoine, na kauli mbiu yao haijabadilika hadi leo: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Baadaye, kwa fedha za Ufaransa, mtandao huo ulisimamia ujenzi wa masoko ya jumla katika maeneo ya uzalishaji: Kibaigwa kwa nafaka, Nyandira kwenu kwa mboga na matunda, na mengine kadhaa. Kwa hiyo hilo soko unalolipitia kila siku lenyewe ni kazi ya mtandao. Usiseme huna mfano.

Sasa sikiliza kilichobadilisha mambo kwetu, maana halikuwa jengo. Ulikuwa mzani. Kabla ya hapo mnunuzi alikuja hadi mlangoni, gari limewashwa, na alinunua kwa gunia. Gunia lenyewe lilikuwa lumbesa, limejazwa likafungwa, kisha likaongezewa kilele na kushonewa wavu juu, na wewe ulilipwa bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza mazao kufungashwa zaidi ya kilo 100, lakini sheria haiwezi kukusaidia ukiwa peke yako shambani jioni, mtoto ana ada shuleni, na gari ni hilo moja. Mahali pakiwepo mzani uliohakikiwa na Wakala wa Vipimo, na pakiwa na watu wengi wanaouza siku hiyo hiyo kwa kilo, bei inakuwa jambo la kuzungumzwa mbele ya watu. Dalali hakuondoka Kibaigwa. Yupo hadi leo, anapata ujira wake, lakini anafanya kazi mbele ya mzani.

Jambo la pili ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu wa nafaka. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula nafaka yenye sumu hiyo, na Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, ikaja kuyaruhusu siku chache baadaye kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Niambie, mkulima wa magunia manane atalipia vipi upimaji wa maabara? Lakini vikundi kumi vikikausha kwenye maturubai, vikahifadhi kwenye ghala moja lenye chaga, na vikapima kwa pamoja, gharama ya kila gunia inakuwa ndogo. Kazi ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya ndiyo kazi ya mtandao. Kazi ambayo kila mtu anaweza kuifanya nyumbani kwake, mkiifanya kwenye kikao, kikao kitakufa.

Anza na mzani.

Mama wa Genge, Morogoro

Shikamoo Mzee wa Kongwa. Nakubaliana nawe kuhusu mzani, lakini mimi niko upande wa pili wa meza, na naona upande huo haujasemewa.

Ninanunua mboga kwa jumla na kuziuza Morogoro mjini na Dar es Salaam. Kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tatu sasa. Kwa lugha ya vikao vya miradi mimi ni "mtu wa kati", na nimehudhuria vikao viwili nilikokaa nyuma nikisikiliza jinsi nitakavyoondolewa. Hakuna aliyeniuliza pesa zangu hupotelea wapi. Naomba niieleze hapa, kwa sababu Katibu ameuliza nini kinaushikilia mtandao, na kwa maoni yangu kinachoushikilia ni watu kujuana gharama zao.

Nikipakia kabichi Nyandira wakati wa mvua, ninalipia gari ambalo huenda likalala njiani kwa sababu ya utelezi kabla ya kufika Sangasanga. Kabichi zilizolala zinakatwa majani ya nje, na kila jani linalokatwa nililinunua kama uzito. Sokoni nalipa ushuru, nalipa wapakuaji, namlipa dalali wa huko mjini, ambaye ndiye anayewajua wateja wa magenge, mahoteli na mama lishe. Nikifika siku ambayo magari mengine kumi yameleta kabichi kutoka Lushoto au Iringa, nauza chini ya nilivyonunua, kwa sababu kesho yake hazitakuwa na thamani tena. Hasara hiyo sirudi kuidai Mgeta. Kwa hiyo ninapotoa bei ya chini shambani, sehemu yake ni tamaa, sikatai, sisi sote ni binadamu, lakini sehemu kubwa ni bima dhidi ya kutojua nitakutana na nini sokoni.

Miaka michache iliyopita kikundi kimoja, ambacho si cha kwenu Katibu na wala sikitaji, kiliniahidi magunia 40 ya karoti kwa siku moja. Nilikodi gari la tani tatu na nusu. Nilipofika nilikuta magunia 22, kwa sababu wanachama waliokuwa na haraka ya pesa walikuwa wameuza kwa mtu aliyepita siku mbili kabla na kuongeza kidogo juu ya bei tuliyopatana. Nauli nililipa yote. Tangu siku hiyo, mtu akinambia "kikundi", namwuliza jina la mtu mmoja atakayewajibika.

Kama mtandao wenu ungeweza kunipa kitu kimoja tu, ningependa iwe kalenda: mwezi gani, kijiji gani, karoti kiasi gani zitakuwa tayari, na zimepandwa lini. Huku milimani mnaweza kupanda karibu mwaka mzima kwa sababu ya vijito na ubaridi, lakini wote mnapanda kwa kuangaliana, matokeo yake karoti zinajaa kwa pamoja na kisha zinakosekana kwa pamoja. Mkipishana wiki mbili mbili kwa vijiji, mimi naweza kuleta gari kila wiki kwa bei ambayo haipandi sana wala haishuki sana. Hilo mradi hauwezi kulifanya, wala mimi siwezi, na mkulima mmoja mmoja hawezi. Ni nyinyi tu mkiwa pamoja.

Msajiliwa

Nimefanya kazi na vyama vya ushirika kwa muda mrefu, na naomba kujibu hoja ya AMCOS peke yake.

Katibu, msikimbilie usajili kwa kuamini kwamba cheti kitaleta uhai. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 inaruhusu chama cha kilimo kuundwa na watu 20 hadi 30 au zaidi, kwa hiyo idadi si kikwazo kwenu. Kinachofuata baada ya usajili ndicho kinachochosha: vitabu vya hesabu, ukaguzi, mkutano mkuu, bodi, na meneja anayehitaji mshahara. Chama chenye korosho au kahawa hubeba gharama hizo kwa sababu zao ni moja, msimu ni mmoja, linakaa ghalani, na makato yanajulikana kabla ya mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ni ya mwaka 2005, umejengwa juu ya zao linaloweza kusubiri. Kabichi haisubiri. Ukiichukua sura ya ushirika wa korosho ukaivika mboga, utapata ofisi yenye mhuri na ghala tupu.

Historia yetu nayo inafundisha uangalifu. Wachaga walianza na umoja wao wa wakulima wa kahawa mwaka 1925, ukazaa KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933, na ushirika huo ulisimama kwa sababu wakulima wenyewe waliuhitaji ili kuuza kahawa yao. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika na kuweka mamlaka za mazao mahali pake, na sheria ya kuvirudisha ikaja mwaka 1982. Miaka sita si mingi, lakini vilivyorudi vilirudi kwa amri kama vilivyoondolewa, na wakulima wengi wakabaki wakiviona kuwa vitu vya serikali. Huko kwenu Uluguru pia wazee wanakumbuka ule mpango wa wakoloni wa matuta ya lazima, ambao ulifika mahali pa ghasia kule Matombo mwaka 1955. Matuta yenyewe si jambo baya, na nyinyi wa Mgeta mmelima kwenye ngazi za udongo miaka mingi. Kilichokataliwa ni kulazimishwa kufanya kazi ambayo faida yake waliiona wengine.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kubaki mtandao, yaani vikundi huru vinavyokubaliana juu ya mambo machache, na kuunda chombo cha kibiashara kwa jambo moja tu litakalohitaji fedha za pamoja, kama ghala la viazi vya mbegu au ukusanyaji wa maziwa ya mbuzi. Hapo ndipo ushirika unaleta maana, maana kuna mali ya kumiliki na mtu wa kuiiba. Samahani kwa lugha hiyo, lakini sheria ya ushirika kwa sehemu kubwa iliandikwa kwa kumfikiria mwizi.

Natofautiana kidogo na Mzee wa Kongwa. Mzani ni mzuri, lakini mzani usio na mtu anayelipwa kuulinda utakuwa umeharibika au umehamia dukani kwa mtu ndani ya mwaka mmoja. Swali la kwanza liwe nani analipwa, na kwa fedha ipi.

Mzee wa Kongwa

Marahaba mwanangu Mama wa Genge. Maneno yako kuhusu gari la karoti yameniingia, maana na mimi nimewahi kuwa miongoni mwa wale waliouza siku mbili kabla. Sijivunii. Nilikuwa na mgonjwa.

Ndugu Msajiliwa, umesema kweli kuhusu mlinzi wa mzani. Kwetu anayetumia huduma ya soko analipia, kidogo kidogo, kwa kila gunia linalopita. Fedha ndogo inayorudi kila siku ya soko ina nguvu kuliko ada kubwa ya mwaka, ambayo ni ya kudaiana na kuoneana aibu.

Afisa Lishe, Njombe

Naomba kuingiza jambo ambalo halijaguswa, nalo ni sahani. Katibu ametaja ramani ya mfumo wa chakula inayoishia kwa mlaji, lakini mazungumzo yote hadi sasa yamehusu namna ya kukitoa chakula Mgeta.

Ninafanya kazi Njombe, mkoa unaovuna mahindi, viazi, maharage, maziwa na maparachichi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano kuwa asilimia 56.9 Iringa, asilimia 50.4 Njombe na asilimia 49.8 Rukwa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Anayeisikia takwimu hiyo kwa mara ya kwanza hudhani kuna kosa la hesabu. Sisi tunaoingia nyumbani kwa watu hatushangai: mama anaondoka shambani jua likiwa limezama, mtoto anapewa uji wa mahindi matupu uliopikwa asubuhi, mayai yanauzwa ili kununua sabuni, maharage yanawekwa kwa ajili ya mnunuzi, na maziwa yanapelekwa kituoni. Hakuna njaa ndani ya nyumba hiyo. Kuna tumbo lililojaa kitu kimoja.

Nasema haya kwa sababu mtandao unaopimwa kwa tani zilizouzwa pekee unaweza kufanikiwa sana huku watoto wa wanachama wakidumaa. Mgeta mna bahati ya mbuzi wa maziwa, ambao maziwa yao kwa kiasi fulani hubaki nyumbani kuliko ya ng'ombe. Mna njegere, na mna mboga za kila aina. Ningeshauri jambo dogo: siku ya kupanga mazao, yale yasiyofaa kwenda mjini, yaani karoti zilizopinda, kabichi ndogo na viazi vilivyochubuka, yasiachwe kwa bei ya kutupa. Shule za msingi za karibu hulisha wanafunzi kwa michango ya wazazi, na mara nyingi chakula chenyewe ni mahindi na maharage wiki nzima. Mzazi aliye mwanachama anaweza kulipa mchango wake kwa karoti zilizopimwa kwenye mzani ule ule anaousema Mzee. Shule inapata mboga, mzazi anapata nafuu ya pesa taslimu, na mtandao unapata mnunuzi ambaye hahitaji gari.

Naongeza kwamba mambo haya yasiachiwe wanawake kama kamati ya pembeni. Katika mitandao mingi niliyoiona, wanaume wamekaa kwenye kamati ya soko na wanawake kwenye kamati ya lishe, kisha kamati ya lishe haina bajeti.

Kilimohai Towelo

Nitasema kwa ufupi tu. Sisi tuko upande wa Morogoro mjini wa milima hiyo hiyo ya Uluguru, na tunalima mboga bila dawa za viwandani. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya kiwango kimoja cha mazao ya kilimohai na alama moja, Kilimohai, inayotambulika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa soko la ndani mkulima mdogo halazimiki kulipa kampuni ya ukaguzi ya nje. Anaweza kuthibitishwa kwa mfumo shirikishi, ambao wanakikundi hukagua mashamba ya wenzao, wakaandika walichokiona, na kikundi kizima kikabeba dhamana.

Ninachotaka Katibu akione si lazima kiwe alama yenyewe. Ni ile kazi ya kukaguana. Mtu akijua kwamba jirani yake atapita shambani mwake kabla ya mavuno na kusaini jina lake, ahadi ya magunia 40 inakuwa na mizizi. Mama wa Genge aliomba jina la mtu mmoja wa kuwajibika. Sisi tunampa matano, kwa sababu matano yanaoneana haya. Ugumu wake ni kwamba kukagua shamba la shemeji yako na kuandika kwamba ana chupa ya dawa chini ya kitanda kunaharibu undugu, na kuna familia kwetu ambazo hazisalimiani kwa sababu hiyo hadi leo.

Katibu wa Milimani

Nawashukuru wote, na Mzee wangu shikamoo, nimechelewa kukuamkia. Nimeyasoma majibu haya mara tatu na jana niliwasomea wale watu tisa, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka la mwenzetu, bila ajenda.

Tulichokiona ni kwamba kamati zetu tano zilikuwa za mada, na hakuna hata moja iliyokuwa na kazi inayorudi kila wiki. Kamati ya masoko ilikuwa inajadili masoko. Tumezivunja kimyakimya, maana hazikuwa zikikutana, na hakuna aliyelalamika. Badala yake tumekubaliana mambo mawili ya kujaribu kwa msimu mmoja, katika vijiji vitatu vya jirani tu, vikundi vinne kati ya vile 14.

La kwanza ni mzani. Mwenzetu mmoja anao wa kuning'iniza wenye uwezo wa kilo 100, ambao haujahakikiwa. Tutaupeleka kwa watu wa vipimo, na nimeshaelezwa kwamba uhakiki hurudiwa kila mwaka. Kila gunia litakalopimwa litalipa shilingi 200, nusu kwa muuzaji na nusu kwa mnunuzi, na fedha hiyo atalipwa kijana atakayekaa na mzani na daftari siku za gulio. Baadhi yetu walitaka mnunuzi alipe yote. Nilikataa, kwa sababu nilimkumbuka Mama wa Genge na gari lake la tani tatu na nusu.

La pili ni kalenda ya upandaji. Hapa ndipo penye ugumu, na ndipo ninapoomba neno moja zaidi kutoka kwake. Wenzangu wanaogopa kwamba tukimpa mnunuzi kalenda tutakuwa tumempa silaha: atajua wiki ambayo mazao ni mengi, na atakuja na bei ya wiki hiyo. Sikuwa na jibu la kuwapa.

Kuhusu shule, mwalimu mkuu mmoja amekubali kwa mdomo kupokea karoti na njegere kama sehemu ya mchango wa chakula, na aliyemfuata kuzungumza naye ni mama mmoja kati ya wale tisa, ambaye hakuwa kwenye kamati yoyote.

Mama wa Genge, Morogoro

Katibu, waambie wenzako kwamba wiki ya mazao mengi naijua tayari. Naijua kwa kupiga simu tatu kwa madereva. Siri hiyo mnawaficha majirani zenu tu, ambao wanaendelea kupanda kwa kuangaliana.

Hata hivyo hofu yao ina msingi, na namna ya kuitibu ni kutompa kalenda mnunuzi mmoja. Wapeni watatu au wanne, kwa siku moja, mbele ya daftari, na kila mmoja aseme atachukua magunia mangapi kila wiki na kwa bei isiyopungua kiasi gani kwa kilo. Wiki ambayo soko la mjini limepanda, tutaongea upya. Wiki ambayo limeanguka, nitachukua angalau nusu ya nilichoahidi kwa bei ile ya chini tuliyoandika, na nusu nyingine mtakuwa huru kumwuzia yeyote. Nami nitaweka amana ndogo kwa kijana wa mzani, ili nisipokuja na gari, wenye mazao wagawane. Mkiwa na sharti kama hilo kwangu, basi na mimi niwe na langu: mwanachama atakayeuza pembeni magunia aliyoyaandikisha, aliyekagua shamba lake naye akose zamu ya gari linalofuata. Nimelitoa kwa huyu ndugu wa Towelo.

Mia moja yangu kwa gunia nitalipa bila ubishi, na kama kijana wenu anajua kuandika uzito bila kuongeza wala kupunguza, hata zaidi ya hapo. Anzeni na karoti peke yake. Kabichi mziache kwa sasa, zina ugomvi wake wa majani. Nitapanda Nyandira gulio la wiki ijayo, nikiwa na wenzangu wawili wa genge. Mje na hiyo karatasi ya miezi mitatu ya kwanza, hata kama imeandikwa kwa penseli, na mtuambie ni nani tutakayempigia simu.

Katibu wa Milimani

Tutakuwepo, Mama. Karatasi tunayo kubwa ya kutosha: nimeibandua ile ramani ukutani, na mgongo wake ni mweupe.